Filamu Zisizo na Rangi Tulizozisema Mubi

Riziki mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga jirani, na kwa jinsi ninavyowajua watu wa Kashebere, kila nyumba itakukalisha na kukupa kitu cha kutafuna. Kwa hiyo nina mchana mzima. Sanduku lako liko karibu na mlango, limefungwa. Tantine, shangazi yako, amekwisha kukuambia habari za maji ya kuchemsha, za kujikinga na mbu, na za vijana wa Kisangani. Mimi sina la kuongeza hapo.

Nataka kujibu swali uliloniuliza juzi tulipokuwa tunachambua maharagwe. Uliniona na simu, ukasema: «Papa, ile mafilamu ya zamani, bila rangi, batu banavaa makofia na kuvuta sigara tu, unatafutaka nini mule ndani?» Nilicheka, nikasema ni uzee. Nilikukwepa, na nadhani ulijua. Kuna swali lingine ulilokuwa unaniuliza tangu ukiwa mdogo: kwa nini mama yako anaishi Kalembe na mimi hapa. Hilo pia nimelikwepa miaka yote. Kwangu mimi maswali haya mawili ni moja, na leo nitayajibu pamoja.

Nilikuwa kijana nilipoacha mashamba ya babu yako huko juu ya Kalembe, nikashuka Mubi kama wengine wote waliosikia kwamba chini ya msitu kuna mawe yenye thamani. Msimu mmoja wa shimoni ulinitosha. Nilipotoka nilinunua televizyo na mashine ya kaseti kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama, naye akaniachia boksi la kaseti ambazo hakutaka kuzibeba. Nilikodi chumba cha mbao nyuma ya soko, nikapata groupe ya kuwasha umeme, nikapanga mabenchi. Basi ikawa sinema.

Watu walitaka filamu za ngumi na bunduki, zenye rangi kali, na hizo ndizo nilizowapa. Boksi la mwalimu lilikaa chini ya benchi. Mpaka siku moja ya mvua, ukumbi umejaa wachimbaji na madereva ambao malori yao yalikuwa yamekwama kwenye tope, kaseti ya ngumi ikakatika. Nikashika ya juu kabisa kwenye lile boksi, nikaitia. Ikatokea barabara iliyolowa, taa moja, na mwanaume wa koti refu anatembea peke yake. Rangi hakuna. Watu wakalalamika kwamba televizyo yangu imekufa. Halafu maneno ya Kifaransa yalikuwa ya haraka, wengi hawakuyafuata. Nikaanza kusema kwa Kiswahili yale yaliyokuwa yanasemwa, ili kuwatuliza tu wasije wakatoka wote.

Baada ya muda niligundua kwamba hakuna anayelalamika tena. Hata wale waliokuwa wakila karanga walikuwa wameacha.

Ilikuwa ni habari ya mwanaume anayesimulia mwenyewe jinsi alivyopotea. Tangu mwanzo anakuambia kwamba amekwisha. Unakaa pale unamtazama akienda polepole mahali ambapo tayari unapajua, na kila akifika penye mlango unataka kumwambia asifungue, naye anafungua. Kesho yake walirudi, wakaomba ile ile. Nikawauliza wanataka nini tena na mwisho wanaujua. Dereva mmoja mzee wa malori ya Kisangani, Papa Tambwe, ndiye aliyenijibu: «Mule ndani hakuna mutu anatudanganya. Zile zingine, mutu mumoja anapiga batu makumi, kisha anarudi kwake na nguo safi. Ulisha kuona vile hapa kwetu? Huyu akikosea, anakosea kabisa. Njo maisha.»

Tangu siku hiyo boksi la mwalimu likawa chakula chetu. Ule mji wa kwenye kioo hakuna aliyeujua jina lake. Mchimbaji mmoja aliapa kwamba ni Kinshasa ya wakati wa Wabelgiji, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Lakini ule mwanga waliujua. Nyumba zao zilikuwa na kibatari kimoja, na wao walizoea kuona kivuli cha mtu ukutani kimekuwa kikubwa kuliko mtu mwenyewe. Waliujua pia ule woga wa kutomjua anayepanda ngazi, na wema wa mtu unayekutana naye kwa mara ya kwanza, ambao huelewi unatoka wapi.

Shida yangu ilikuwa sauti za wanawake. Nikisema kwa niaba ya mwanamke, wanaume walicheka mpaka benchi linatikisika. Mama yako wakati huo alikuwa anauza mandazi mlangoni. Alikuwa amesoma kunipita. Siku moja nilikosea maneno ya mwanamke mmoja wa kwenye filamu, naye akanisahihisha kutoka pale pale mlangoni, bila hata kugeuka. Nikamwomba aingie akae kando yangu. Akaingia. Mimi nilisema wanaume, yeye akasema wanawake. Alisema kwa sauti ya chini sana, na watu walikuwa wanainama mbele ili wamsikie. Riziki, nilimwoa mama yako nikiwa nimekwisha kumwambia «nakupenda» mara nyingi sana kwa vinywa vya watu wengine.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuziona vizuri zile filamu. Siku moja kulikuwa na mwanamke anamdanganya mpelelezi, analia machozi ya uongo, na ukumbi ulikuwa unamtukana. Mama yako akaacha kutafsiri. Akasema ya kwake: «Huyu mwanamuke anadanganya sababu milango yote ingine balimufungia.» Mama mmoja mbeba mizigo aliyekuwa amesimama nyuma akasema, «Kweli.» Basi. Filamu ikaendelea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mjomba wako Aloys, ndugu pekee wa mama yako, alikuwa mlinzi wa depo ya mfanyabiashara mmoja wa sabuni na mafuta. Humkumbuki. Alikuwa anakubeba mabegani na kukuita «chef». Wakati huo huo kulikuwa na kijana mmoja, Faustin, kutoka familia za wachungaji wa ng'ombe huko juu Masisi. Alikuwa analeta fromaji, jibini ya ng'ombe wao, Mubi kwa pikipiki, moto yake mwenyewe, na barabara ikiharibika alikuwa anakaa siku kadhaa, na jioni anakuja kwangu, benchi la mbele. Unajua habari za wakulima na wachungaji kwetu. Unajua yaliyosemwa juu ya mashamba na malisho tangu kabla hujazaliwa. Mimi ni mtoto wa wakulima, na mama yako vilevile. Lakini kwenye benchi watu walimsogelea tu kama mwingine yeyote, kwa sababu macho yao yalikuwa mbele.

Jioni moja ulikuwa na homa, mama yako akabaki nawe nyumbani. Nilikuwa nasema peke yangu. Katikati ya filamu groupe ikazima, bomba la petroli lilikuwa limeziba. Faustin ndiye aliyenishikia tochi nikilisafisha. Alikaa kando yangu mpaka umeme ukarudi, na watu wote walimwona, maana walikuwa wanamtania kwamba anamulika uso wangu badala ya bomba. Filamu ilikuwa haijaisha tuliposikia kilio. Wezi walikuwa wameingia depo na kumpiga mjomba wako. Alikuwa amekwisha kufa jirani walipomfikia.

Asubuhi mtu mmoja akasema moto ya yule mgeni ililala karibu na depo. Mwingine akasema alimwona siku mbili anaangalia mlango. Ilitosha. Nilipotoka sinema kupeleka mabenchi msibani, nilikuta wamemfunga Faustin mikono, wanamsukuma kuelekea kituo cha polisi, na kulikuwa na sauti katika kundi zilizokuwa zinasema hakuna haja ya kufika kituoni.

Nilitazama nyuso. Niliona watu wa benchi la kwanza. Niliona watu wa benchi la pili. Watu wale wale ambao siku chache nyuma walikuwa wameshika vichwa kwa ajili ya mwanaume wa kwenye kioo, anayekimbia kwa kosa ambalo si lake. Walikuwa wamemwona Faustin na tochi mkononi. Papa Tambwe alikuwepo pia. Nilimtazama, naye akatazama viatu vyake.

Nyumba yetu ilikuwa kati ya sinema na kituo. Nilipita mbele ya mlango. Ndani nilimsikia mama yako analia, na wanawake wamemzunguka. Nilijiambia kwamba nikiingia sitatoka. Nikapita.

Kituoni nilimwambia komanda: «Huyu kijana alikuwa kwangu. Alinishikia tochi. Kilio kilianza akiwa mbele ya macho yangu.» Komanda akaniuliza marehemu ni nani kwangu. Nikasema ni shemeji yangu, ndugu ya mke wangu. Nje nikasikia mtu akitema mate. Komanda alikuwa mtu mzima, alijua uzito wa neno kama hilo likitoka kwa mtu wa msiba. Akamfungua Faustin, akampandisha kwenye lori la Walikale kabla watu hawajajipanga upya. Faustin hakunitazama.

Mpaka leo hakuna anayejua nani alimuua mjomba wako. Nilitamani kukuandikia kwamba walikamatwa. Hawakukamatwa.

Watu walisema nimenunuliwa kwa fromaji. Wengine walisema damu ya shemeji haikuniuma. Sinema ikapoa. Mama yako akakuchukua, mkaenda na mwili Kalembe kwa mazishi, na baada ya mazishi hakurudi. Mimi niliendelea kidogo. Nilisema wanaume, nikasema na wanawake, na hakuna aliyecheka, maana wale wachache waliokuja walikuwa wamekimbia mvua tu. Kisha nikauza televizyo na mabenchi, nikaja hapa Kashebere, nikijiambia kwamba hapa ni karibu na ninyi. Ulipofika umri wa sekondari ukaja kukaa nami. Hiyo ilikuwa zawadi ambayo sikuitegemea, na sijawahi kukuambia.

Sijuti kwamba nilisema kituoni. Lakini nilikosea mara mbili baada ya hapo, na hayo ndiyo ninayotaka uondoke nayo.

Kosa la kwanza ni Kalembe. Nilikwenda mara mbili kumrudisha mama yako, na mara zote mbili nilikwenda kumweleza. Nilikaa mbele yake, nikapanga maneno: tochi, petroli, kilio, saa. Nilikuwa na haki katika kila sentensi. Nilisema vizuri, kama nilivyokuwa nasema sinema. Naye alikuwa ananisikiliza akiwa amevaa nguo nyeusi ya msiba wa ndugu yake, na sikumwambia hata mara moja kwamba Aloys ananiuma pia. Sikulia naye. Nilitaka kwanza akubali kwamba nilikuwa sahihi, ndipo tulie pamoja. Mara ya pili alisimama katikati ya maneno yangu, akaenda kupalilia.

Kosa la pili ni kungoja asante. Hili ni la aibu lakini acha niliseme. Nilingoja wale watu wa mabenchi waje mmoja mmoja usiku na kuniambia, tulijua, ulifanya vema. Hakuna aliyekuja. Nilimngoja Faustin zaidi. Moto ikipita na makreti ya fromaji, nilikuwa natoka mlangoni. Miaka, Riziki. Wewe ulidhani napenda tu kutazama barabara.

Kisha nikamwona. Ni siku ile nilipokwenda Masisi kutafuta mbegu za viazi, labda unakumbuka nilirudi sikusema kitu, ukaniuliza kama nimeumwa. Alikuwa sokoni, amenenepa, ana mke na mtoto mgongoni kwa mke. Macho yetu yalikutana. Alinitambua, sina shaka. Akainama, akaanza kufunga gunia ambalo lilikuwa tayari limefungwa. Nilisimama pale mpaka mama mmoja akaniomba nipishe njia. Kwa mkewe labda alikuwa hajasema kamwe kwamba kuna asubuhi alifungwa mikono. Uso wangu ulikuwa ni ile asubuhi. Nani anataka kuishukuru siku kama hiyo?

Niliporudi hapa nilikuwa na hasira, na hasira ilipoisha nilibaki mtupu. Jioni ile nilitafuta kwenye simu moja ya zile filamu, nikaitazama bila kusema neno. Mwanaume wa koti refu anafanya jambo moja la haki, akijua litamnyima mtu anayempenda. Analifanya. Hakuna anayempigia makofi. Anashuka ngazi, anatoka kwenye mvua. Filamu haimwombei radhi, wala haimwambii kwamba kesho atalipwa. Kanisani wananiambia malipo yako mbinguni, nami naamini. Lakini kati ya hapa na mbinguni kuna jioni nyingi, na zile filamu ndizo pekee zilizokubali kukaa nami jioni hizo bila kunidanganya. Ndiyo maana watu wa Mubi walizirudia. Ndiyo maana hata watoto wa leo, wenye simu zenye rangi zote, wanazipata na kubaki nazo. Mtu mpweke akiona upweke wake umewekewa taa na mtu asiyemjua, wa nchi nyingine, wa zamani, anapumua kidogo.

Lakini zina uongo mmoja, na nimechelewa kuuona. Zinafanya upweke uwe mzuri. Yule mwanaume dirishani, na moshi, na muziki nyuma yake, unataka kuwa yeye. Mimi nilitaka kuwa yeye. Nilijiona hivyo miaka mingi, mtu wa haki aliyeachwa na wote. Hapa Kashebere hakuna muziki. Kuna mwanaume anakula bugali baridi akiwa amesimama, kwa sababu kukaa chini peke yake mezani kunamkumbusha. Usije ukapenda sura hiyo, mwanangu. Ukijikuta peke yako kwa sababu ulisema kweli, usijipambe nayo. Tafuta mtu ule naye.

Mwezi uliopita, ulipopata habari kwamba umekubaliwa chuoni Kisangani, nilikuambia nakwenda Kalembe kumpa mama yako taarifa. Ni kweli nilimpa. Alifurahi, akaimba kidogo, unamjua. Kisha tukabaki tumekaa. Sikuwa nimepanga kitu. Nikamwambia tu kwamba Aloys alikuwa ananipigia mluzi kila akipita sinema, na kwamba mpaka leo nikisikia mluzi barabarani nageuka. Nikaanza kulia, mtu mzima kama mimi, na wajukuu wa Aloys, ambao yeye hakuwahi kuwaona, wakitutazama.

Mama yako aliwatuma watoto nje. Halafu akasema: «Nilijua haiko ule kijana. Ile asubuhi nilifwata, nilikuwa nyuma ya batu kule kituoni. Miaka yote nilikaa pembeni yako, najua sauti yako kama iko inasema ya mwingine, na kama iko inasema ya yako. Ile siku ulisema ya yako.»

Nikamuuliza kwa nini basi hakurudi.

«Ulipita mbele ya mulango,» akasema. «Nilikusikia miguu. Nilisema, iko anaingia. Ulipita.»

Nikamwambia wangemuua yule kijana. Akasema anajua. Akasema amelifikiri kila njia, na kila njia anaona nilipaswa kwenda, na kila njia anaona nilipaswa kuingia. Hakusema kwa hasira. Aliniletea maziwa ya mgando, tukanywa, na jua likashuka upande wa Pinga. Sikumwomba arudi. Naye hakusema atarudi. Aliponisindikiza mpaka barabarani alinishika mkono kidogo, kama watu wanavyoshikana baada ya ibada.

Hilo ndilo jibu, Riziki. Yako mambo ambayo ukiyafanya unamwacha mtu, na usipoyafanya unamwacha mtu. Siwezi kukufundisha kuchagua. Naweza tu kukuambia kwamba hata kama una haraka, hata kama mtu anasukumwa barabarani na mikono imefungwa, kuna nafasi ya kusukuma mlango na kusema: «Nimesikia. Nakwenda, nitarudi.» Ni maneno matatu. Mimi sikuyasema.

Kesho asubuhi usinitazame sana. Nitakuwa na shughuli na kamba za sanduku, nitakuwa namfokea motard wa pikipiki kwamba hajafunga vizuri. Ukifika Kisangani mpigie mama yako kwanza, kisha mimi.

Nasikia sauti yako kwa jirani wa mwisho, unacheka. Naona wamekupa kuku, maana analia. Acha nikunje karatasi hii na kuitia chini ya nguo zako, nije nikupokee mlangoni.

Papa yako